Mvinyo mwekundu wa Bourgogne: mwongozo kamili kuanzia udongo hadi glasi

Chupa moja, mizabibu miwili. Ndiyo hesabu ya mashamba ya daraja la juu kabisa huko Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Hekta moja hupandwa mizabibu ipatayo 10,000, na kanuni za mashamba hayo huruhusu takriban lita 3,500 za mvinyo kwa hekta. Gawanya mwenyewe uone: kila mzabibu unatoa theluthi ya lita na ziada kidogo, nayo chupa inameza robo tatu ya lita. Nilipomtajia hesabu hiyo mjomba wangu, mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, alinyamaza kwanza, kisha akauliza: "Mpwa wangu, mizabibu ya huko inaumwa nini?"

Haiumwi. Imebanwa kwa makusudi, mwaka mzima, na watu wanaojua wanachokifanya. Nimekuwa kibarua katika mashamba ya Côte de Nuits, sehemu ya kaskazini ya mteremko mkuu wa Bourgogne, misimu kadhaa, wakati wa mavuno na wakati wa baridi, na swali la mjomba ndilo ninalojaribu kulijibu hapa, hatua kwa hatua. Nimechagua Bourgogne nikaiacha Bordeaux, jimbo jingine maarufu la mvinyo la Ufaransa, kwa kuwa Bordeaux huchanganya zabibu za aina kadhaa, moja ikiharibika nyingine inaibeba. Mvinyo mwekundu wa Côte de Nuits ni wa zabibu moja tu, Pinot noir. Kosa la mkulima halina pa kujificha.

Hatua ya 1: Ardhi

Côte d'Or ni ukanda mwembamba wa mteremko unaoanzia mji wa Dijon na kwenda kusini kwa kilomita kama 50. Unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hukausha umande mapema, na vilima vya nyuma yake hukinga sehemu ya mvua inayotoka magharibi. Chini ya udongo kuna mawe ya chokaa na tabaka za mfinyanzi wenye chokaa, mabaki ya bahari ya kale.

Simama kwenye barabara kuu ya zamani inayopita chini ya mteremko, uangalie juu. Upande wa chini wa barabara, kwenye udongo mzito unaoshika maji, hutoka mvinyo wa kawaida wenye jina la jimbo tu. Ukipanda kidogo unafikia mashamba yanayobeba jina la kijiji. Katikati ya mteremko, mahali maji yanapopita bila kutuama na mizizi ikapenya kwenye nyufa za mawe, ndipo zilipo daraja mbili za juu, premier cru na, juu kabisa, grand cru. Ukipanda zaidi, karibu na msitu, udongo unakuwa mwembamba na hewa inapoa, na daraja linashuka tena. Safari yote hiyo kwa miguu haizidi dakika ishirini.

Waliolichunguza jambo hili kwa muda mrefu ni watawa. Wale wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098, walilima hapa karne nyingi, na ukuta wao wa Clos de Vougeot bado unazunguka hekta kama 50. Leo eneo hilo lina wamiliki wapatao 80, kwa kuwa Mapinduzi ya Ufaransa yalilinyang'anya kanisa ardhi, na sheria ya mirathi ikaendelea kuikatakata. Kila kipande cha mteremko kina jina lake. Wenyewe hukiita "climat". Vipande 1,247 vya aina hiyo viliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015.

Ukitafuta shamba popote pale, chimba shimo la mita moja na nusu na ulitazame baada ya mvua kubwa. Maji yakituama humo kwa siku kadhaa, mzabibu utaota majani mengi na kuzaa matunda yasiyo na ladha. Mawe yasikutishe. Henri Jayer, mkulima wa Vosne-Romanée aliyefariki mwaka 2006, alichukua kipande kiitwacho Cros Parantoux ambacho wakati wa vita vya pili vya dunia kilipandwa mboga za mizizi. Mwamba ulikuwa mgumu kiasi kwamba alitumia baruti kupata mashimo ya kupandia. Chupa za kipande hicho sasa ni miongoni mwa zinazogombaniwa zaidi minadani.

Hatua ya 2: Mche

Kichala cha Pinot noir ni kidogo, kimebana kama tunda la msonobari, na jina lenyewe linatokana na mti huo. Ganda lake ni jembamba, rangi yake ni haba, na kwa jinsi punje zilivyosongamana, ukungu ukiingia kwenye moja hauchelewi kushika kichala kizima. Ni zabibu inayotaka uvumilivu. Gamay, kwa kulinganisha, huzaa kwa wingi na haisumbui, na kwa ajili hiyohiyo Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru mwaka 1395 kwamba mizabibu ya Gamay ing'olewe katika himaya yake. Alilalamikia wingi wake.

Usipande Pinot noir kwa mizizi yake yenyewe. Mdudu aitwaye filoksera, ndugu wa vidukari, aliingia Ufaransa kutoka Amerika Kaskazini katika miaka ya 1860 na kula mizizi ya nchi nzima. Côte d'Or alionekana mwaka 1878, kijijini Meursault. Dawa iliyofaa, na inayotumika hadi leo, ni kubebesha: kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Amerika, ambao mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Uwe makini hapo, maana mashina mengi ya Amerika hayapendi chokaa na majani huwa ya njano. Kwenye udongo wa Côte d'Or wengi hutumia shina la 161-49 C, ambalo huvumilia chokaa na halina nguvu za kupita kiasi.

Kikonyo unaweza kukipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua miche ya ukoo mmoja, inayojulikana kwa namba kama 115, 667 na 777. Ya pili ni kuzunguka shamba kuukuu, ukatia alama mashina yenye vichala vidogo na afya nzuri, kisha ukachukua vikonyo kutoka mashina mengi tofauti. Mimi naipendelea ya pili. Shamba la mashina yasiyofanana kabisa haliivi kwa siku moja wala haliugui kwa siku moja, na mvinyo wake huwa na mengi ya kusema.

Panda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Msongamano huo hulazimisha mizizi kushuka chini kutafuta maji. Mavuno ya kuhesabika husubiri mwaka wa tatu, ila mashina machanga hayaaminiki kwa mvinyo mkubwa. Shamba la Romanée-Conti, lenye hekta 1.8 tu, liling'olewa mwaka 1945 na kupandwa upya mwaka 1947, na hakukuwa na mvinyo wa jina hilo hadi mavuno ya 1952.

Hatua ya 3: Kupogolea

Dodoma mzabibu haupati baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeulaza kwa kuukata na kuunyima maji, na ndiyo maana huvuna mara mbili kwa mwaka. Bourgogne mzabibu hulala wenyewe kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Machi, na zao ni moja. Katikati ya usingizi huo ndipo mkasi unapopita.

Mtindo wa huko unaitwa Guyot. Kwenye kila shina acha tawi moja la mwaka uliopita, lenye macho (vifundo vya kuchipulia) 6 hadi 8, utakalolilaza na kulifunga kwenye waya wa chini. Upande wa pili, chini kidogo ya tawi hilo, acha kijiti kifupi chenye macho 2. Kijiti hicho ni akiba: mwakani ndicho kitakachotoa tawi la kulazwa. Mengine yote yaliyoota mwaka jana, kata. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani umeua shamba.

Mzee aliyenifundisha alikuwa akisimama mbele ya kila shina kwa sekunde chache kabla ya kunyanyua mkasi. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa akitafuta njia ya maji ndani ya mti. Kila jeraha hukauka na kuacha mbao mfu ndani ya shina, na ukikata leo upande huu, mwakani upande ule, maji yanakosa pa kupita na mzabibu unakufa katikati ya kiangazi ukiwa na vichala vyake. Kwa hiyo weka majeraha yote upande wa juu, uache upande wa chini mzima kutoka shina hadi ncha. Ukikata tawi nene, acha kisiki cha sentimita moja au mbili ili ukavu uishie humo. Usiwe na haraka. Mashina 10,000 kwa hekta, kila moja na umbo lake. Ni kazi ya majuma mengi kwa mtu mmoja, mikono ikiwa imeganda kwa baridi. Matawi yaliyokatwa huchomwa papo hapo, mara nyingi ndani ya toroli lililotengenezwa kwa nusu ya pipa la chuma, na wafanyakazi huota moto huo kwa zamu.

Mashamba yaliyo kwenye mabonde ya ubaridi pogolea mwisho, mwezi Machi. Mzabibu uliochelewa kukatwa huchelewa kuchipua, na siku chache hizo zinaweza kuokoa zao zima.

Hatua ya 4: Usiku wa jalidi

Macho hufumbuka Aprili. Jalidi bado ipo. Chipukizi la sentimita mbili likifikwa na nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, hasa likiwa limelowa, hugeuka jeusi kufikia saa nne asubuhi. Aprili 2021 ilipita hivyo karibu Ufaransa nzima, na wakulima wa Bourgogne walikesha wakiwasha mamia ya makopo ya nta katikati ya mistari. Ukipita barabarani uliona mteremko mzima unawaka vitaa.

Ukiwa na makopo, yapange mapema na uwe na watu wa kutosha wa kuyawasha kwa pamoja kabla ya alfajiri, maana saa ya hatari kubwa ni ile ya kuchomoza jua. Wengine huchoma majani makavu yaliyolowa upande wa mashariki ili moshi uzuie miale ya kwanza isiunguze machipukizi yaliyoganda. Usipokuwa na kitu, usilime sana kati ya mistari majuma hayo na ukate nyasi fupi, kwa kuwa nyasi ndefu hushika unyevu na ubaridi.

Hatua ya 5: Mei hadi Agosti

Mei, pita kila shina ukiondoa kwa mkono machipukizi yaliyoota mahali usipotaka na yale pacha. Juni, inua matawi na kuyapitisha kati ya nyaya ili yasimame wima. Yakirefuka kupita nyaya, yakate vichwa. Maua hutoka karibu na mwanzo wa Juni, ni madogo na yana harufu nyepesi sana ya asali. Andika tarehe yake. Ukihesabu siku 100 kutoka hapo unapata makadirio ya siku ya kuvuna.

Adui wakubwa wawili ni magonjwa ya ukungu, ubwiri vinyoya na ubwiri unga. Ubwiri unga hudhibitiwa kwa salfa ya unga. Ubwiri vinyoya hudhibitiwa kwa mrututu uliochanganywa na chokaa, na historia yake inafaa kusimuliwa: wakulima wa Médoc, karibu na Bordeaux, walikuwa wakinyunyizia mchanganyiko huo wa bluu kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wasiibe zabibu. Profesa Alexis Millardet wa Bordeaux aligundua kwamba mistari hiyo ndiyo pekee iliyobaki na majani, akaifanyia majaribio na kutangaza matokeo mwaka 1885. Mrututu una shaba, nayo shaba haiozi, inabaki udongoni na kuwadhuru minyoo. Sheria za Ulaya sasa zinaweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Nyunyiza kabla ya mvua, dozi ndogo, na unyunyize tena mvua ikishaosha majani.

Julai inapoisha punje huanza kugeuka rangi. Ondoa majani yanayofunika vichala upande wa jua la asubuhi tu. Ule wa jioni uache na kivuli chake, maana joto la alasiri huunguza maganda. Na kama shina bado limebeba zaidi ya vichala 6 au 8, kata vya ziada uviache chini. Hapa ndipo mjomba aliponiambia kwa sauti ya huzuni kwamba hawezi. Namwelewa. Kuangusha zabibu nzima chini kunauma, lakini ukisubiri hadi zabibu zikaribie kuvunwa ndipo ukumbuke kupunguza, faida yake ni ndogo. Aliyepogolea vizuri Januari anaangusha vichache sana Agosti.

Hatua ya 6: Kuvuna

Kumbukumbu za tarehe za mavuno za mji wa Beaune zinaanzia mwaka 1354, na zinaonyesha kwamba tangu 1988 mavuno huanza wastani wa siku 13 mapema kuliko karne zilizotangulia. Watu wa zamani walivuna mwishoni mwa Septemba wakihofia zabibu hazijaiva. Sasa kuna miaka mkasi unaingia Agosti, na hofu imegeuka: zabibu zisije zikaiva kupita kiasi na kupoteza ukali wake wa asidi.

Pima sukari, lakini usiishie kwenye kipimo. Gramu 17 za sukari katika lita hutoa takriban asilimia 1 ya kileo, hivyo mchuzi (maji ya zabibu) wenye gramu 215 utafika karibu asilimia 12.6. Sukari ikitosha, tafuna. Ganda linapaswa kumumunyika bila kuacha uchungu wa majani mabichi. Mbegu iwe ya kahawia na ivunjike kama karanga iliyokaangwa. Ikiwa ya kijani, itautia mvinyo ukakasi mkali unaokausha ulimi. Onja punje kutoka juu, chini, upande wa kivuli na upande wa jua, mistari tofauti.

Vuna asubuhi. Shika kichala kwa kiganja, kata kikonyo, usivute. Punje zilizooza zikate hapohapo kwa ncha ya mkasi, na kichala kinachonuka siki kiache chini. Tumia kreti ndogo ili zabibu za chini zisipondeke njiani. Mgongo utauma kuanzia siku ya pili, maana vichala vya Pinot noir viko chini ya goti, na nafuu huja siku ya nne. Kazi ikiisha kuna karamu ya wavunaji wote, La Paulée, na mwenye shamba hukaa meza moja na vibarua.

Hatua ya 7: Tangi

Kwenye meza ya kuchambulia pitisha kila kichala tena. Majani, wadudu, punje kavu, vyote nje. Kisha kuna uamuzi ambao umegawa vijiji: kunyambua punje kutoka kwenye vikonyo, au kuingiza vichala vizima. Jayer alinyambua zote. Domaine de la Romanée-Conti, wenye shamba lile la hekta 1.8, kwa miaka mingi imeingiza sehemu kubwa ya vichala vizima. Vikonyo vilivyoiva huleta harufu ya viungo na kufanya mvinyo kuwa mwepesi mdomoni. Vikiwa vya kijani huleta uchungu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kunyambua zote mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili kujaribu robo.

Jaza tangi la wazi, la mbao, saruji au chuma, hadi kama tatu kwa nne. Ongeza dioksidi ya salfa kidogo, gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za zabibu, ili kuzuia bakteria. Iache kwenye nyuzi 12 hivi kwa siku 3 hadi 6. Katika ubaridi huo hamira hailipuki, na mchuzi huchota rangi na harufu kutoka kwenye maganda kabla kileo hakijatokea. Kwa zabibu yenye rangi haba kama hii, siku hizo ni dhahabu.

Kisha acha joto lipande. Hamira zilizoishi kwenye maganda na ndani ya jengo zitaanza zenyewe. Utasikia kwanza, kama mvua nyepesi kwenye bati. Maganda yatainuka na kuwa tabaka nene juu ya mchuzi, na kuanzia hapo una kazi mbili za kila siku. Ya kwanza ni kuzamisha maganda, kwa mti wenye ubao mpana au kwa miguu, mara moja au mbili kwa siku, zaidi katikati ya uchachu na kidogo mwishoni. Ya pili ni kupima joto na uzito wa mchuzi asubuhi na jioni na kuandika. Uzito huanza karibu gramu 1,090 kwa lita na kushuka hadi chini kidogo ya 1,000 sukari inapoisha. Joto linaweza kufika nyuzi 30 au 32 bila shida. Likikaribia 35 hamira huanza kufa na sukari kubaki njiani, kwa hiyo poza mapema.

Usipuuze siku hata moja. Niliwahi kuona tangi ambalo watu walilala bila kuzamisha maganda kwa siku mbili za joto. Asubuhi ya tatu harufu ya siki ilitupokea mlangoni. Zabibu zile zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka huo, na hakukuwa na namna ya kuurudisha mvinyo ule.

Na sikiliza hili kabla ya jingine lolote: uchachu hutoa hewa ya ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyoonekana. Hujaa ndani ya tangi na kwenye sakafu ya ghala la chini, na huua mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Fungua milango, usifanye kazi peke yako, na kamwe usishuke ndani ya tangi bila kulipuliza hewa na kupima. Mshumaa ukizimika, toka. Ila ukiendelea kuwaka usiuchukulie kuwa ni ruhusa. Mwenzako akianguka humo, usimfuate bila kifaa cha kupumulia.

Kwa jumla mchuzi hukaa na maganda siku 14 hadi 21. Onja kila siku. Ukakasi ukianza kukaza fizi kuliko jana, ni wakati wa kutoa.

Hatua ya 8: Kukamua na mapipa

Fungua bomba la chini na uache mchuzi utiririke kwa uzito wake. Huo ndio bora. Kisha toa machicha kwa sepetu na uyakamue polepole. Mvinyo wa machicha una rangi na ukakasi zaidi, hivyo uweke pipa lake na uamue wakati wa masika kama utarudishwa wote, nusu, au hautarudishwa. Acha mvinyo utulie siku moja au mbili, mashapo mazito yashuke, ndipo uushushe kwenye mapipa, ikiwezekana bila pampu.

Pipa la Bourgogne lina lita 228, chupa kama 300. Mbao zake ni za mwaloni, na zinazosifika ni za misitu kama Tronçais, ambao Colbert, waziri wa karne ya 17, aliutunza ili ufalme upate mbao za meli. Mbao hukaa nje kwenye mvua na jua miaka 2 hadi 3 ili uchungu uoshwe, kisha pipa hukunjwa juu ya moto. Pipa jipya linatoa harufu ya vanila na mkate wa kuokwa. Kuna wanaotia mvinyo wao wote wa grand cru kwenye mapipa mapya. Kwa mvinyo wa kijiji, robo inatosha kabisa, na nimeonja mingi mno iliyomezwa na mbao hadi huwezi kujua ilitoka mteremko upi. Kazi yote ile ya udongo, ikafunikwa na seremala!

Ghala la chini liwe na nyuzi 12 hadi 14 na unyevu mwingi. Mvinyo hupenya mbao na kupungua, kwa hiyo jaza pipa hadi mdomoni kila juma, kwa mvinyo uleule. Nafasi ya hewa ndani ya pipa ndiyo mlango wa siki.

Wakati wa baridi mvinyo hutulia. Masika, joto likirudi, bakteria huanza kazi ya pili: asidi ya maliki, ile kali ya tufaha bichi, hugeuzwa kuwa asidi ya laktiki, ile laini ya maziwa ya mgando. Weka sikio kwenye tundu la pipa utasikia mchakacho. Wakati huo mvinyo huwa mbaya, unanuka na hauna umbo, na wanaoanza hukata tamaa. Uache. Kazi hiyo ikiisha ongeza dioksidi ya salfa kidogo, kisha hamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo yake mara moja, siku ya anga safi yenye kanieneo kubwa ya hewa, kwa kuwa kabla ya dhoruba mashapo hupanda na kuuchafua. Mvinyo hukaa ndani ya pipa miezi 12 hadi 18. Ukibaki na ukakasi mwingi, ute wa mayai 2 au 3 uliopigwa na kuchanganywa kwenye pipa huukamata na kushuka nao chini. Kuchuja, mimi ningeacha, mradi mvinyo uwe safi na umetulia.

Hatua ya 9: Chupa na glasi

Changanya mapipa yote ya shamba moja kabla ya kutia kwenye chupa, la sivyo chupa zitatofautiana. Tumia kizibo kirefu, laza chupa, uisahau miezi sita hivi. Mvinyo uliotoka kupakiwa huwa umefumba mdomo. Wa kijiji huanza kufunguka baada ya miaka 4 au 5. Grand cru ya mwaka mzuri inataka 10, mara nyingi 20.

Ukinunua, soma jina kwa makini. Gevrey-Chambertin ni mvinyo wa kijiji. Chambertin peke yake ni grand cru. Kijiji kilikuwa kikiitwa Gevrey tu hadi mwaka 1847, kilipojiunganishia jina la shamba lake maarufu, na vijiji vingine vikaiga. Herufi chache hizo zinaweza kuzidisha bei mara kumi.

Unywe mvinyo huu kwenye nyuzi 15 hadi 17. Dar es Salaam au Mombasa maana yake ni kuiweka chupa kwenye friji kama dakika 40 kabla ya wageni kukaa. Chupa kuukuu isimamishe wima tangu jana yake, ifungue bila kuitikisa, uimimine polepole mbele ya mwanga. Mashapo yakifika shingoni, acha kumimina.